Bruxelles: Matembezi ya siku moja yaliyotufikisha mbele ya kinyago cha Warega

Watoto walitaka kuona Manneken-Pis tu. Yaya yangu, mzaliwa wa Bukavu anayekaa Ubelgiji pamoja na bwana yake na watoto wao wawili, alikuwa ametenga siku nzima ya posho ili kunitembeza mjini Bruxelles, na kila mtu nyumbani alikuwa na shauri lake. Shemeji, ambaye ni Mrega wa Mwenga, alirudia neno moja tangu usiku: Tervuren. Mwishowe asubuhi ikawa ya watoto, mchana ukawa wa baba yao.

Grand-Place ni uwanja mzuri kweli, wenye nyumba za zamani za vyama vya mafundi na wafanyabiashara, na ncha zake zimepakwa rangi ya dhahabu. Manneken-Pis yuko umbali wa dakika chache kwa miguu. Ni kisanamu cha mtoto anayekojoa, hakifiki hata sentimita 60, tena kile cha barabarani ni nakala, maana cha asili kimewekwa ndani. Mdogo alinivuta shati: "Mjomba, ndiye huyu tu?" Nilimwambia ndiye. Tulipiga picha kama wageni wengine wote, tukaondoka.

Kutoka katikati ya mji tulipanda metro hadi Montgomery, kisha tramu namba 44. Ni safari ya kupendeza, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia inapita ndani ya msitu. Lakini njia hiyo ina historia. Ilifunguliwa mwaka 1897, wakati mfalme Léopold II alipoandaa maonyesho ya Kongo huko Tervuren. Wakongomani 267 waliletwa kwa meli, na wengi wao wakawekwa katika vijiji vya kuigiza kando ya maziwa ya bustani, ili wazungu wapite kuwatazama. Watazamaji walizidi milioni moja. Majira hayo yalikuwa ya mvua na baridi, na Wakongomani saba walifariki. Yaya alisema polepole, bila kucheka, kwamba tumepanda tramu iliyojengwa kwa kuleta watu waje kutuangalia.

Jumba la makumbusho la Tervuren lilifunguliwa mwaka 1910, baada ya kifo cha mfalme huyo. Lilifungwa kwa matengenezo mwaka 2013 na kufunguliwa tena Desemba 2018. Leo mtu anaingilia jengo jipya la vioo, anashuka chini ya ardhi, na kukutana na mtumbwi wa mti mmoja wenye urefu wa zaidi ya mita 22. Watoto walikimbilia tembo na mamba. Sisi wakubwa tulisimama katika chumba kirefu ambamo majina ya Wabelgiji 1508 waliofia Kongo enzi za Léopold yameandikwa ukutani. Msanii wetu Freddy Tsimba aliandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha yaliyo mkabala, ili jua likiwaka kivuli chao kiangukie ukuta huo. Mawingu yalikuwa mengi. Tulingoja karibu robo saa, jua likatoka kidogo, tukamsoma Ekia, tukamsoma Kitukwa, kisha likajificha.

Ila shemeji alikuwa amekuja kwa jambo lingine. Alitembea haraka hadi penye vitu vya bwami, chama cha Warega kilichokuwa kikifunza maadili na kupandisha watu madaraja. Alitafuta lukwakongo, kinyago kidogo cha mti kilichopakwa udongo mweupe, chenye ndevu za nyuzi. Aliwaeleza watoto kwamba hakikuvaliwa usoni peke yake. Kilishikwa mkononi, kilifungwa kwenye mkono, kilitundikwa kwenye ua, na mwenyewe akifariki kilibaki katika ukoo. Mkubwa akauliza: "Papa, sasa nani aliwapa?"

Baba yake alikawia kujibu. Vingine vilinunuliwa, alisema, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilichukuliwa kwa nguvu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilipiga bwami marufuku, na kitu cha chama kilichokatazwa ni rahisi kukipata. Kwa kila kimoja, nani alikitoa na kwa bei gani, maandishi ya pembeni hayasemi siku zote.

Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu kama 84 000, na mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kuwezesha kurudisha vile vilivyopatikana kwa njia mbaya. Juni 2022 mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Mtoto hakuelewa mtu anakopeshwaje kitu cha babu yake, na mimi sikuwa na maneno ya kumsaidia. Nakiri kwamba maelezo ya jumba hilo yananyooka kuliko nilivyotazamia. Lakini mtoto wa Mwenga anayetaka kuona kazi ya wazee wake anahitaji kwanza viza.

Tulipita kwenye makaburi ya wale saba, yaliyo kando ya kanisa la Tervuren. Kisha tukarudi mjini, hadi Matonge, mtaa uliopewa jina la ule wa Kinshasa, karibu na uwanja wa Patrice Lumumba uliozinduliwa 30 Juni 2018. Tulikula sombe na bugali. Mdogo alilala juu ya meza.

Shemeji alimpigia simu baba yake, mzee anayeishi Kamituga, akamweleza kinyago alichokiona. Mzee alitaka kujua jambo moja tu: kama bado kina ndevu zake. Alipoambiwa zipo, alinyamaza sana, tukadhani mtandao umekatika. Kisha akaomba azungumze na wajukuu.