Bila Leseni, Lakini Si Bila Sheria

Minara ya kilele cha Bondwa, katika milima ya Uluguru, inasimamiwa kwa utaratibu ulio wazi. Kila mwenye mtambo ana masafa yake na leseni yake, na akivamia masafa ya jirani, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inajua pa kumpata. Chini, mjini Morogoro, ipo mitambo ya redio isiyo na mnara wala leseni. Imo ndani ya baadhi ya simu za bei kubwa, funguo za magari mapya na vifaa vidogo vya kutafutia begi lililopotea.

Hizi ni redio za masafa mapana mno. Kituo cha FM hutumia takriban kilohezi 200. Hizi hutandaza mawimbi yao kwenye megahezi 500 au zaidi, kwa mapigo mafupi yanayopimwa kwa sehemu za bilioni ya sekunde. Ndiyo maana simu hukadiria umbali wa begi lako kwa sentimita. Rada zinazochungulia chini ya ardhi kusaka mabomu ya kutegwa ni za ukoo huohuo. 

Tatizo ni kwamba megahezi hizo zina wenyewe. Madishi makubwa ya setilaiti, kwa mfano, hupokea kati ya gigahezi 3.4 na 4.2, masafa ambayo mvua kubwa haiyadhoofishi sana. Marekani iliporuhusu redio hizi mwaka 2002, kati ya gigahezi 3.1 na 10.6, iliweka kikomo cha nguvu ya kurusha mawimbi cha nanowati 75 hivi kwa kila megahezi. Hata kifaa kikiujaza ukanda wote, jumla haifiki miliwati moja. Kwenye masafa ya GPS kikomo ni kikali zaidi. Ulaya, mwaka 2007, ilibana zaidi: nafasi kuu ikawa kati ya gigahezi 6 na 8.5.

Sasa nani atakamatwa kifaa kikikiuka kikomo? Mawimbi yake hufifia ndani ya makumi ya mita, hivyo mkaguzi hawezi kuyafukuzia mtaani. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini kwa kutumia IMEI, yaani namba za utambulisho wa kila simu, kwa sababu simu hujitambulisha kwenye mtandao. Kifaa cha kutafutia begi hakina laini wala IMEI. Kikishaingia sokoni, hakuna wa kukizima.

Ulinzi, basi, uko kabla ya mauzo: TCRA huidhinisha aina ya kifaa, si kila mtumiaji. Naona ni sawa kumwondolea mnunuzi mzigo wa leseni, mradi mzigo huo umwangukie mwagizaji. Mfanyabiashara wa Morogoro anayeagiza shehena adai cheti cha uidhinishaji kabla ya kulipa, maana baada ya hapo hakuna atakayeweza kuvikusanya vifaa hivyo kimoja kimoja.