Siri ya tamthilia za Kikorea imo katika usemi

Yapo malalamiko ambayo mwalimu yeyote wa shule ya upili atakuwa ameyasikia, ikiwa si yeye mwenyewe aliyeyatoa. Inasemekana kwamba wanafunzi wetu, hususan wasichana, wametekwa na tamthilia za mapenzi kutoka Korea Kusini. Kwamba hukesha wakizitazama kwenye simu. Kwamba wameanza kuwaita wavulana oppa na kuagana kwa maneno ambayo wazazi wao hawayaelewi. Wanaolalamika hutaja sababu za uraibu huo: sura za waigizaji, mavazi yao, na njozi ya binti anayempata mume asiyepatikana duniani. Sababu hizi si za uongo. Walakini zingeweza kutolewa vile vile kuhusu tamthilia za Mexico na za Ufilipino zilizotangulia kuvuma katika runinga zetu. Hazituelezi ni nini hasa kilicho cha Kikorea katika mvuto huu. Nadhani jibu limo katika lugha, na nitajaribu kulionyesha kwa mfano mmoja.

Mfano huo ni Sarangui Bulsichak, tamthilia ambayo huku kwetu inajulikana zaidi kwa jina la Crash Landing on You. Iliandikwa na Park Ji-eun, ikaongozwa na Lee Jeong-hyo, na ikaonyeshwa na kituo cha tvN katika vipindi 16, kuanzia tarehe 14 Desemba 2019 hadi tarehe 16 Februari 2020. Kipindi cha mwisho kilipata asilimia 21.7 ya watazamaji nchini humo, kiwango ambacho kituo hicho hakikuwa kimewahi kukifikia. Kwa njia ya Netflix tamthilia hiyo ilifika hapa wiki chache tu kabla ya shule zetu kufungwa kwa ajili ya Korona mnamo Machi 2020, na si ajabu ikiwa wengi waliojikuta nyumbani bila kazi waliitazama mara mbili.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Yoon Se-ri, bintiye tajiri mkubwa wa Seoul na mwenye kampuni yake ya mavazi na vipodozi, anaruka angani kwa mwavuli, mfano wa ile tunayoiona ikielea juu ya bonde la Kerio. Kimbunga kinamchukua, kinamvusha mpaka, na kumbwaga juu ya mti katika ardhi ya Korea Kaskazini. Chini ya mti amesimama Kapteni Ri Jeong-hyeok na bunduki yake. Badala ya kumkabidhi kwa wakubwa, kapteni anamficha nyumbani kwake, katika kijiji cha familia za wanajeshi. Yanayofuata msomaji anaweza kuyabashiri.

Mpaka unaozungumziwa si wa kubuni. Rasi ya Korea iligawanywa mwaka 1945. Vita vya 1950 hadi 1953 vikakoma kwa mkataba wa kusitisha mapigano uliotiwa sahihi tarehe 27 Julai 1953, na mkataba wa amani haujatiwa sahihi hadi leo. Kati ya pande mbili kuna ukanda wenye upana wa kilomita 4 na urefu wa takriban kilomita 250, ambao raia wa kawaida havuki. Barua hazipiti, wala simu. Watu waliokuwa wakisema lugha moja wamekaa zaidi ya miaka 70 bila kusikizana.

Sasa tuiangalie lugha hiyo. Mswahili anapotaka kumweleza mtu mapenzi yake, sarufi inamlazimu ataje nani anapenda na nani anapendwa. Katika neno “nakupenda” mimi nimo na wewe umo, hatuwezi kukwepa. Lakini sarufi haitulazimishi kusema kama anayependwa ni mkubwa au mdogo wetu, wala kama tumefahamiana jana au tangu utotoni. Kikorea ni kinyume kabisa. Neno saranghae, ambalo wanafunzi wetu wanalijua kwa moyo, halina “mimi” wala “wewe” ndani yake. Lina “penda” tu, na mwishoni kiambishi kinachoeleza kiwango cha heshima kati ya wanaozungumza. Badili mkia huo uwe saranghaeyo, na msemaji amerudi nyuma hatua moja kwa adabu. Sema saranghamnida, na sasa amesimama wima kama aliye mbele ya hadhira. Wanasarufi wa Kikorea huhesabu viwango sita au saba vya namna hiyo. Kile cha watu waliozoeana huitwa banmal, yaani nusu ya usemi.

Fikiri basi, msomaji, mwandishi wa tamthilia amepewa nini hapo. Kitenzi cha Kikorea hukaa mwishoni mwa sentensi, na adabu hukaa mwishoni mwa kitenzi. Mtazamaji husubiri hadi sauti ya mwisho ili ajue wawili hawa leo wamesimama wapi. Kijana aliyekuwa akimsemesha binti kwa heshima kwa vipindi vitano anaweza, katika cha sita, kuangusha silabi moja tu, na chumba kizima kikashika pumzi. Hajamgusa, hajamwambia kwamba anampenda. Ameacha tu kiambishi. Katika lugha zetu tendo kama hilo lingehitaji ukurasa mzima wa maneno.

Katika tamthilia hii Park Ji-eun amelitumia jambo hilo kwa ustadi mkubwa. Kapteni Ri humsemesha Se-ri kwa mtindo ambao vitenzi huishia kwa -o au -so, mtindo ambao Kusini umekwisha kutoweka katika mazungumzo ya kila siku na husikika zaidi katika michezo ya kihistoria. Kwa sikio la mtu wa Seoul, mwanajeshi huyu kijana anasema kama babu mwungwana. Ni kama kumsikia mvulana wa Nairobi akiagiza chai kwa lafudhi na msamiati wa tenzi za kale. Ndipo tunaelewa kwa nini Se-ri anacheka, kisha anaudhika, kisha anaanza kuusubiri usemi huo. Maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya kioo hayana habari na hayo yote. Kapteni anasema kama mtu yeyote.

Tuje kwenye jina lake. Kusini kuna kanuni ya matamshi inayoondoa sauti ya r mwanzoni mwa maneno ya aina fulani, au kuigeuza n. Kaskazini sauti hiyo imehifadhiwa. Gazeti la chama tawala cha Pyongyang huitwa Rodong Sinmun. Mtu wa Seoul neno hilo la kwanza, lenye maana ya kazi, angelitamka nodong. Jina la ukoo ambalo Kusini huandikwa Lee kwa herufi za Kilatini, kama la mwongozaji wa tamthilia hii, Kikorea cha Kusini hulitamka I tu; Kaskazini ni Ri. Se-ri anapojifunza kumwita mwenyeji wake, anamwita Ri Jeong-hyeok-ssi. Ile Ri ya mwanzo ni ya Kaskazini. Ile -ssi ya mwisho, inayoongezwa kwenye jina la mtu kwa heshima, ni desturi ya Kusini, kwa kuwa Kaskazini mtu angeitwa kwa cheo chake au kwa neno la uanamapinduzi. Katika jina moja nchi mbili zimekutana. Se-ri analitamka jina hilo katika hasira, katika kicheko na katika kilio, hadi mtazamaji asiyejua hata neno jingine la Kikorea akawa amelihifadhi. Kwangu mimi hili ndilo tamko la mapenzi lenye uzito kuliko yote katika vipindi 16, na wafasiri wamelifanya kuwa jina tu.

Nimetaja neno la uanamapinduzi. Neno hilo ni dongmu, na historia yake inastahili kutajwa darasani. Hapo kale dongmu alikuwa rafiki, mwenzi wa kucheza naye. Kaskazini wakalichukua kuwa namna ya kuitana baina ya raia, kama Tanzania walivyofanya kwa “ndugu” enzi za Azimio la Arusha, au kama wanafunzi wetu wa vyuo vikuu wanavyoitana “komredi” hata pale wanapogombania chakula. Matokeo yake ni kwamba watu wa Kusini waliliogopa neno hilo, wakaliacha, na sasa rafiki kwao ni chingu. Vivyo hivyo kuhusu vitu. Simu ya mkononi Kusini ni haendeupon, maneno mawili ya Kiingereza yaliyounganishwa na Wakorea wenyewe. Kaskazini ni sonjeonhwa, yaani simu ya mkono. Sisi tuliobuni “rununu” na “tarakilishi” tusiwacheke. Tena, ikiwa Mkenya na Mtanzania wanaweza kutofautiana juu ya jina la runinga ilhali mabasi yanavuka Namanga na Lungalunga kila siku, hebu waza lugha iliyotengwa kwa seng'enge na mabomu ya ardhini.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa utamu huu wote umo katika Kikorea, na watazamaji wetu hawakijui, wanavutwa na nini? Swali ni zuri. Ushahidi mmoja unatoka Japani. Tamthilia ya Winter Sonata, iliyotengenezwa Korea Kusini mwaka 2002, ilionyeshwa na shirika la NHK mwaka 2003 na tena 2004 ikiwa imetiwa sauti za Kijapani. Ilivuma kupita kiasi. Ndipo watazamaji walipotaka kuwasikia waigizaji wenyewe, na mnamo Desemba 2004 NHK ikaionyesha upya kwa sauti za asili, pamoja na maandishi ya Kijapani chini ya kioo. Watu hawa walikwisha kukijua kisa chote. Walichokuwa wakikitafuta ni sauti. Sikio hutambua kwamba kuna kitu kimebadilika kati ya watu wawili hata pale akili isipoweza kukitaja. Mtoto mchanga hufanya hivyo kila siku.

Hapa niwatetee wasimulizi wa filamu wa vibandani, ambao wenzangu wasomi hupenda kuwadharau. Maandishi ya Kiingereza humwita shujaa wetu Captain. Askari wake kwa Kikorea humwita jungdaejang dongji, yaani cheo cha mkuu wa kombania na neno la ukomredi juu yake. Msimulizi wa Kiswahili angesema “afande”, na kwa neno hilo moja angekuwa amerudisha kofia, buti na saluti.

Lakini usemi si maneno tu. Kisa ninachokipenda zaidi kinahusu mishumaa. Se-ri, aliyezoea anasa, anaomba aletewe mshumaa wenye harufu nzuri. Kapteni anamletea mishumaa ya kawaida, kwa sababu mahali ambapo umeme hukatika ovyo mshumaa ni wa kuangazia, na anayetaka kuunusa huenda ana homa. Neno ni moja, maisha ni mawili. Baadaye Se-ri anapotea katika umati wa sokoni, jioni, bila pa kwenda. Ghafla juu ya vichwa vya watu anaona mkono umeinua mshumaa unaowaka. Safari hii ni wa harufu. Mwandishi hakuhitaji kuongeza lolote, na hakuongeza.

Sisemi kwamba tamthilia hii haina kasoro. Sadfa zimezidi: inafichuliwa kwamba wapenzi hawa walikwisha kukutana Uswisi miaka mingi kabla ya kimbunga, jambo ambalo mwanafunzi wangu akiliandika katika riwaya nitampigia mstari mwekundu. Vipindi vya Seoul vimejaa matangazo ya kuku wa kukaanga na kahawa. La uzito zaidi ni kwamba kijiji cha Kaskazini kimechorwa kwa huruma hadi njaa na magereza yakawa kama uvumi wa mbali, na wapo walioshtaki huko Seoul kwamba tamthilia inaipamba Pyongyang. Shtaka hilo lilikuwa la kipuuzi kisheria, lakini kama uhakiki halikukosa msingi.

Pyongyang yenyewe haikufurahia kupambwa. Mnamo Desemba 2020 serikali ya huko ilipitisha sheria dhidi ya kile inachokiita fikra na utamaduni wa kupinga mapinduzi, yenye adhabu ya miaka mingi ya kazi ngumu kwa anayetazama filamu za Kusini, na ya kifo kwa anayezisambaza kwa wingi. Januari 2023 ikafuata sheria ya kulinda lugha. Kwa mujibu wa nakala yake iliyochapishwa na vyombo vya habari vya Seoul, kusema kwa mtindo wa Kusini ni kosa la jinai. Kuburuta na kupandisha kiimbo mwishoni mwa sentensi ni kosa. Hata oppa limetajwa: mtoto mdogo anaweza kulitumia, lakini akishaingia jumuiya ya vijana ni lazima amwite mvulana asiye nduguye dongmu au dongji. Neno ambalo walimu wetu wanaliona kuwa upuuzi wa wasichana, dola yenye silaha za nyuklia imelitungia kifungu cha sheria. Waliolitunga kifungu hicho wanaijua isimujamii vizuri kuliko wengi wetu tunaoifundisha. Wanajua kwamba binti anayembadilishia mvulana jina amekwisha kuubadilisha uhusiano, na kwamba hilo halifanyiki kwa idhini ya chama.

Katika kikosi cha Kapteni Ri yumo askari mmoja kijana, Kim Ju-meok, mpenzi wa siri wa tamthilia za Kusini. Kwa sababu ya kuzitazama akiwa zamu, yeye ndiye mkalimani wa wenzake: Se-ri anapotoa msemo wa Seoul wasiouelewa, Ju-meok huwafafanulia kwa fahari ya profesa. Kuelekea mwisho anapata zawadi yake. Anafika Seoul na kuketi mezani na Choi Ji-woo, mwigizaji yule yule wa Winter Sonata, na anababaika asijue la kusema. Watazamaji wanacheka, na ilikuwa haki yao kucheka, mwaka 2020 ulipokuwa unaanza. Miezi kumi baadaye sheria ya kwanza ilipitishwa, na kwa vifungu vyake kijana kama Ju-meok angestahili kambi ya kazi ngumu kwa yale aliyoyatazama. Tangu 2023, pia kwa yale aliyowafafanulia wenzake.