Kuvunja Jungu si Ulevi

Shaaban ikifika ukingoni, maneno huanza: eti Waswahili wanakwenda kumalizia madhambi kabla ya Ramadhani. Wapo, sikatai. Siku hizi kuna kumbi zinauza tiketi na bia kwa jina la vunja jungu. Lakini hiyo ni biashara ya watu, tusibebeshwe sisi.

Kwetu Unguja kuvunja jungu ni mashoga kuchanga. Huyu mchele, huyu nazi, huyu kuku, mwenye gari anatoa gari. Jumapili ya mwisho kabla mwezi haujaandama tunakwenda shamba au pwani, Fumba au Bububu, mafiga tunapanga wenyewe. Pilau ikikauka maji inapaliwa makaa juu ya mfuniko, na hapo mpishi ana amri kuliko kadhi: asiyeitwa asifunue. Wengine wanakuna nazi ya samaki wa kupaka, wengine wameshaingia majini na kanga zao. Kula ni kwenye sinia, watu wanne watano, na ukoko hugombaniwa.

Wakishanawa mikono ndipo linapokuja lililotupeleka. Mwaka mzima watu wamekoseana. Deni halikulipwa, neno limechukuliwa huku likapelekwa kule. “Shoga, niwie radhi.” “Nimeshakuwia, na wewe niwie.” Nani anataka kufunga na kinyongo? Tena mwezi ukiandama kila mmoja anafungwa na jiko lake, futari ya watoto, futari ya wakwe, tarawehe. Kuonana ni bahati.

Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, safari yetu huangukia kiangazi, baada ya miaka ikaangukia masika. Mvua ikitukuta tunajibana chini ya turubai, tunakula hivyo hivyo.



Linalonikera ni letu wenyewe. Sasa mchango unatumwa kwa simu, chakula kinaagizwa, kila mtu anakabidhiwa kiboksi chake. Hakuna wa kuitwa aonje chumvi. Watu wanapiga picha na sare zao, alasiri haijafika wameshatawanyika, na mwenye kudaiwa radhi kaondoka na deni lake. Masheikh wanaokemea bia wana haki yao. Natamani siku moja wakemee na viboksi.