Kilima cha Pugu na Mafuriko ya Jangwani

Mtu atokaye Kinyerezi kwenda Pugu kwa miguu, kwa njia ya Kifuru, hahitaji kuambiwa kwamba Dar es Salaam si mji wa tambarare. Wageni wengi, hasa ndugu zetu wa Visiwani ambao hushuka bandarini na kumaliza shughuli zao Kariakoo, huondoka wakiamini kuwa mji wote umelala sawa na bahari. Sivyo. Ukiisha kuipita mitambo ya gesi ya Kinyerezi, ambayo umeme wake huingia katika gridi ya Taifa, na kwa njia ya waya uliolazwa chini ya bahari gridi hiyo huangaza hata Unguja, ardhi huanza kuinuka.

Vilima vya Pugu si virefu. Vilele vyake ni vya mita 300 hivi, na mtu wa Moshi angecheka kusikia vikiitwa milima. Lakini vinachosha. Pasipo lami mguu huzama mchangani, na kila mwinuko ukishapandwa hufuatwa na bonde, hata kimo kilicholipiwa kwa jasho kinarudishwa chote na safari inaanza upya.

Huko juu ndiko iliko shule ya sekondari ya Pugu, iliyokuwa Chuo cha Mtakatifu Fransisko. Julius Nyerere alifundisha hapo tangu 1953 hadi alipojiuzulu ualimu mwaka 1955. Alikuwa mwalimu wa Pugu alipochaguliwa kuongoza TAA, na alikuwa bado mwalimu wa Pugu TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Wazee husimulia kwamba mara nyingi aliteremka mjini kwa miguu kwenda mikutanoni, kisha akapanda tena kuwahi darasa. Kutoka hapo hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita 20. Nyumba yake ya Magomeni, ambayo leo ni makumbusho, hufikiwa kwa urahisi. Pugu humdai mgeni pumzi yake, na kwa maoni yetu ndiyo inayomfundisha zaidi.

Walakini si historia peke yake inayopatikana katika njia hiyo. Vijito vinavyovukwa mabondeni ni watoto wa mto Msimbazi, ambao chimbuko lake ni vilima hivi hivi. Maji yake hupita Vingunguti, yakafika Jangwani, yakaingia baharini penye daraja la Selander. Desemba 2011 mto huo ulifurika ukaua makumi ya watu, na Serikali ikawahamishia Mabwepande wengi waliopoteza makazi. Umefurika mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na macho ya watu wengi yameelekea Jangwani, mahali maji yanapoishia kuleta maafa.

Maafa yenyewe huanzia juu. Msitu wa Pugu umekatwa kwa mkaa na kwa mashamba, nyumba zimepanda miteremko, na mchanga wa ujenzi huchimbwa katika vitanda vya vijito. Mvua iliyokuwa ikinywewa polepole na mizizi sasa hukimbia juu ya ardhi tupu ikibeba udongo, na udongo huo ndio uinuao kitanda cha mto kule chini hata maji yakakosa pa kupita. Watu wa Unguja hawahitaji maelezo marefu: mji wao hutegemea maji yanayohifadhiwa na msitu wa Masingini, nao wanajua mwinuko ule ukibaki uchi ni nani atakayeona kiu.

Hivyo tunawaomba viongozi wanaohusika na ardhi, misitu na mazingira waipande njia hii kabla ya masika, nao waache magari Kinyerezi. Waondoke saa kumi na mbili asubuhi, mchanga haujapata moto, na wachukue maji ya kunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila wavukapo kijito, na wahesabu hatua kutoka majini hadi ukuta wa nyumba ya kwanza.