Asikumbushwe alikotoka

Msomaji makini wa Torati hukwama kwenye kibudu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 14, inawakataza Waisraeli kula mnyama aliyejifia, kisha inasema anaweza kupewa mgeni anayekaa mijini mwao, naye akamla. Mambo ya Walawi, sura ya 17, inasema kinyume: aliyekula kibudu, awe mwenyeji au mgeni, sharti afue nguo zake na kuoga, naye ni najisi mpaka jioni. Kiebrania kinamwita mgeni huyo kwa neno lile lile, ger, katika sura zote mbili.

Marabi walilifumbua fumbo hilo kwa kusema kuna wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni ger toshav, mgeni mkaazi. Huyu ameacha sanamu na kuzikubali amri saba ambazo kwa mapokeo ya Kiyahudi ziliwekwa kwa wana wote wa Nuhu, zikiwemo kutoua, kutoiba na kuweka mahakama. Hakuingia katika agano la Sinai, kwa hiyo kibudu si dhambi kwake. Wa pili ni ger tzedek, mgeni wa haki, yaani mwongofu, aliyezibeba amri zote kama Myahudi yeyote.

Wanahistoria wengi husita hapa, na nadhani wana hoja. Katika Torati yenyewe, ger anaonekana zaidi kuwa mtu asiye na ukoo wala shamba mahali anapoishi. Ardhi iligawiwa kwa makabila na koo, na asiye na ukoo aliishia kuwa kibarua wa wengine. Ndiyo maana hutajwa sambamba na mjane na yatima. Ana haki ya kuokota masazo ya mavuno, kupumzika siku ya Sabato, kulipwa ujira wake kabla ya jua kuchwa, na kukimbilia mji wa makimbilio akiua mtu bila kukusudia. Ila mwanakondoo wa Pasaka hali mpaka atahiriwe. Hapo tayari kuna mlango, ingawa bado hakuna aliyeuita uongofu.

Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, inahesabu kwamba Torati imeonya juu ya kumtendea vibaya mgeni mara 36, na wengine, inaongeza, husema 46. Hakuna haja ya kuamua nani kahesabu vizuri. Linalonivutia ni kwamba maonyo hayo yanaelekezwa kwa mwenyeji, na sababu inayotolewa ni historia yake mwenyewe: nanyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri.

Njia ya mgeni mkaazi ilifungwa mapema. Talmudi inasema mtu hupokewa kwa cheo hicho wakati tu sheria ya mwaka wa yubile inafanya kazi, na yubile ilikwisha kukoma tangu kale. Cheo kikabaki vitabuni hadi karne ya 20, taifa la Israeli lilipoundwa na swali likawa la serikali. Rabi mkuu wa wakati huo, Yitzhak Herzog, alilazimika kutafuta ndani ya sheria ya dini msingi wa haki za Waislamu na Wakristo watakaoishi chini ya utawala wa Kiyahudi.

Mwongofu ana hadithi ndefu zaidi. Utaratibu wake umo katika Yevamot, mojawapo ya vitabu vya Talmudi. Mtu akija, kwanza anaulizwa: umeona nini hata ukataka kujiunga nasi? Hujui kwamba Israeli siku hizi wanaonewa na kuteswa? Akijibu kwamba anajua, na kwamba hata hastahili, hupokewa papo hapo. Anafundishwa baadhi ya amri nyepesi na baadhi ya nzito, na maelekezo yanasisitiza asilemewe kwa maneno mengi. Kisha tohara kwa mwanamume, na kwa wote kuzama katika maji ya mikve, birika la utakaso, mbele ya watu watatu wanaokaa kama mahakama.

Miongoni mwa amri za mwanzo anazofundishwa ni ile ya masazo na kona za shamba. Jana yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuziokota. Leo anaambiwa awaachie wengine.

Wapo waliokuwa na kinyongo. Rabi Helbo alisema waongofu ni wazito kwa Israeli kama ugonjwa wa ngozi. Wafafanuzi walihangaika na kauli hiyo kwa karne nyingi, na jibu ninalolipenda kuliko yote lilitolewa Ulaya katika Zama za Kati na mtu aliyejulikana kama Abrahamu mwongofu: waongofu ni wazito kwa sababu wanazishika amri kwa bidii kiasi cha kuwaaibisha waliozaliwa ndani. Hata hivyo sheria haikumfuata Rabi Helbo. Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, inakataza kumwambia mtoto wa waongofu, kumbuka matendo ya baba zako. Ni kosa lenye jina katika sheria, katika fungu moja na kumpunja mnunuzi sokoni.

Jaribio gumu zaidi la kanuni hiyo lilifika mezani kwa Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204. Mwongofu aliyeitwa Obadia alimwandikia kuuliza kama inafaa aseme katika sala "Mungu wa baba zetu", ilhali baba zake hawakuwa Wayahudi. Hofu yake haikuwa ya bure. Mishna, ikizungumzia malimbuko, inasema wazi kwamba mwongofu akisali peke yake aseme "Mungu wa baba wa Israeli". Musa alimjibu aseme maneno yote kama yalivyo, asibadili kitu. Ibrahimu aliwafundisha watu kumjua Mungu, kwa hiyo kila anayeongoka ni wa nyumba yake. Katika maneno ya kutoka Misri tu ndipo alipomwachia hiari, akitaka abadili, asipotaka si neno.

Obadia alikuwa na lingine. Alibishana na mwalimu wake, akidai Waislamu si waabudu sanamu, na mwalimu akamwita mpumbavu. Musa aliamua kwamba mwanafunzi ndiye mwenye haki katika hoja ile, na kwamba mwalimu ametenda dhambi kubwa na anapaswa kumwomba radhi, ijapokuwa yeye ni mwalimu.

Leo mabishano yamehamia kwa mlinda mlango. Sheria ya Kurejea ya Israeli, kama ilivyorekebishwa mwaka 1970, inamtambua kuwa Myahudi aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka, bila kusema aliyeongoka mbele ya nani. Mwaka 2008 majaji wa kidini wa ngazi ya juu nchini Israeli walitoa hukumu iliyotia shaka uongofu wa maelfu ya watu, wakati Talmudi inasema hata mwongofu aliyeasi anabaki Myahudi aliyeasi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba, kwa ajili ya uraia, uongofu uliofanywa ndani ya Israeli na marabi wa Reform na Conservative, madhehebu ya Kiyahudi yasiyo ya Kiorthodoksi, utambuliwe. Ndoa ilibaki mikononi mwa marabi wa Kiorthodoksi.

Jirani zetu Abayudaya, karibu na Mbale, Uganda, wameuonja mvutano huo. Kiongozi wao Semei Kakungulu aliisoma Biblia mwenyewe, akajitahiri na kuwatahiri wanawe mwaka 1919, bila rabi wala mahakama. Wafuasi wake walishika Sabato kwa miongo kadhaa, hata Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao. Mwaka 2002 marabi wa Conservative walikuja na kuwaongoa rasmi mamia yao katika mikve. Baadhi ya wazee walijiuliza kwa nini waongoke kuwa kile ambacho baba zao walikuwa tayari, lakini wengi walizama, kwa sababu walitaka Wayahudi wa kwingineko wawahesabu. Hata baada ya hapo, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli iliwakatalia baadhi yao walioomba kuhamia huko.