Mashine ya kupima mdomo: tuiamini mpaka wapi?

Swali moja limerudi mara nyingi katika mikutano yetu ya Kenya, Katuba na Kampemba. Munganga wa meno anamwambia mama: zamani tulikujaza pati mdomoni ili tupate kipimo, leo tuna kamera ndogo, inapita dakika chache na kazi imekwisha, haikosei. Je, ni kweli haikosei? Kuwekewa implanti ni kazi ya dola nyingi, na tunajua wamama walioingiza zamu yao nzima ya likelemba humo. Tumesoma na tumeuliza, na haya ndiyo tuliyopata.

Kwanza tutenganishe majina. Skana tunayosema hapa si ile skaneri ya hospitali ambayo mgonjwa analala ndani yake. Hii ni kijiti kinene kuliko mswaki, chenye kamera na taa kwenye ncha. Haioni mfupa. Inaona ufizi, meno na kile kilichotokeza juu yake tu. Mfupa bado unahitaji picha ya radio.

Implanti yenyewe ni skrubu ya chuma kinachoitwa titani, inayoingizwa ndani ya taya. Msweden Per-Ingvar Brånemark ndiye aliyeonyesha kwamba mfupa unashikana na chuma hicho, na mwaka 1965, mjini Göteborg, alimwekea mgonjwa wake wa kwanza. Mfupa ukishapona, meno ya bandia yanafungwa juu ya skrubu hizo. Ili ayatengeneze, fundi lazima ajue kila skrubu iko wapi hasa na imeinama kiasi gani.

Kwa njia ya zamani, pati laini kama bukari ambayo haijaiva inawekwa kwenye sahani ndogo na kubanwa mdomoni mpaka ikauke. Kwa njia mpya, munganga anafunga kipande kidogo juu ya kila implanti, halafu skana inasoma vipande hivyo. Si kitu cha jana: Mfaransa François Duret aliandika juu ya kupima meno kwa mwanga mwaka 1973, na kule Zurich mashine ya namna hiyo ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1985. Faida yake tunaikubali. Mama mwenye mimba anayetapika kwa harufu tu hapati taabu ya pati kooni. Tena kipimo kinatumwa kwa intaneti kwa fundi aliye mji mwingine, pasipo plasta ya kuvunjika njiani.

Sasa tufike kwenye usahihi, maana hapo ndipo maneno ya wauzaji yanapita kasi. Usahihi una sehemu mbili. Fikirini meka ya unga sokoni. Meka iliyobonyezwa chini inatoa unga uleule kila mara, lakini kila mara ni pungufu: haibadiliki, ila si ya kweli. Nyingine leo inajaa, kesho inapungua. Skana nzuri inatakiwa isiwe kama meka hizo mbili: ilingane na mdomo ulivyo, na ikirudia kupima itoe kipimo kilekile.

Kwa jino moja, au mawili matatu yanayofuatana, skana za leo zinafanya hivyo vizuri. Kosa lake linahesabiwa kwa makumi ya mikroni, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una unene wa karibu mikroni 70 mpaka 100. Kwa kazi ndogo kama hiyo hatuoni sababu ya mama kuikataa mashine.

Taya nzima isiyo na jino ni habari nyingine. Skana haipigi picha moja ya mdomo wote. Inapiga picha ndogo ndogo nyingi sana, na kompyuta inaziunga kwa kutafuta sehemu zinazofanana. Kila anayeshona anaelewa: ukiunga vipande viwili vya kikwembe, kosa la uzi mmoja halionekani. Ukiunga ishirini, ua la mwisho halikutani tena na la kwanza. Na kwa mdomo usio na meno, ufizi ni laini, una mate, unatikisika, hauna alama ya kushika. Kompyuta ni kama mtu anayevuka pori tupu bila mti hata mmoja wa kumwonyesha njia. Hapo kosa, kutoka implanti ya upande mmoja mpaka ya upande wa pili, linaweza kupita mikroni 100, na wataalamu wengi wanasema 100 mpaka 150 ndiyo mwisho wa kuvumilia.

Kwa nini unywele mmoja uleta shida? Jino la kuzaliwa limefungwa mfupani kwa nyuzi laini, linasogea kidogo na kusamehe. Implanti imeshikana na mfupa, haisamehi. Meno yasipokaa vizuri, skrubu ndizo zinazoyavuta kwa nguvu. Baada ya muda skrubu inalegea au inakatika, au porseleni inapasuka. Mama anarudi kwa munganga na kuambiwa ametafuna vibaya.

Mkono wa mtu pia unahesabiwa. Munganga aliyezoea, anayefuata njia aliyoelekezwa na watengenezaji, anayekausha mate na kupunguza taa kali ya chumba, anapata kipimo bora kuliko mwenye mashine ya bei zaidi aliyejifunza juzi. Na skana nyingi zinahitaji kurekebishwa kila baada ya muda fulani, hasa zikihamishwa.

Kwa hiyo, kwa taya nzima, sisi tungeuliza jambo moja kabla ya kutoa pesa: kipimo hiki kitahakikishwa namna gani? Kuna njia. Fundi anaweza kutengeneza fimbo ya plasta inayounganisha implanti zote. Ikipasuka wakati wa kufungwa mdomoni, kipimo si sahihi. Munganga anaweza pia kukaza skrubu moja tu ya mwisho na kutazama kama upande wa pili unainuka. Wengine wanarudia pati kwa kazi hii, na hilo si ushamba: kwa taya nzima bado ni njia inayoaminiwa sana. Ulizeni pia nani atalipa ikibidi kurudia.

Mama asiye na pesa ya implanti asione haya. Meno ya kuvaa na kuvua hayadai mikroni hizo, maana ufizi unabonyea kidogo. Na mengi yana fremu ya kobalti na kromu. Kobalti! Inachimbwa hapa kwetu Katanga, inazunguka dunia, inarudi mdomoni mwetu kwa bei ya fundi.

Kwa waliokwisha kuwekewa: ombeni karatasi yenye jina la mtengenezaji wa implanti, urefu na upana wake, na nakala ya faili la skana. Skrubu za watengenezaji hawafanani, na munganga wa Likasi au Kolwezi bila karatasi hiyo hatajua achukue bisibisi ipi.