Chombo cha kusafisha njia ya mlimani



Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe la mkono sibishani nao. Lakini juma hili nimepata barua ya mzee mmoja mstaafu, ambayo imenifanya niamini kwamba jembe likishakuwa na injini, asiyechagua ndiye atakayejuta.

Mzee huyu amejenga juu ya kilima, si mbali na Chalinze, pale barabara itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikienda Morogoro na nyingine Segera. Kila masika, kati ya Machi na Mei, maji hushusha udongo na mawe na kuyalaza kwenye njia yake. Gari halipandi. Anasema mwaka jana mkewe aliugua usiku, wakamshusha kwa machela ya kitanda cha kamba. Sasa anataka kutumia mafao yaliyobaki kununua chombo kidogo cha kusukuma tope, na anauliza anunue kipi.

Mzee wangu, kabla ya kwenda dukani, pima kilima chako. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2. Weka ncha moja ardhini upande wa juu, ulaze kwa pima maji ya fundi mwashi, kisha pima nafasi iliyobaki chini ya ncha ya pili. Ukipata sentimeta 40, njia yako inapanda mita 1 kwa kila mita 5. Huo ni mwinuko mkali. Chombo cha kilo 1,000 kikisimama hapo kinavutwa chini kwa nguvu ya karibu kilo 200, hata kabla hakijasukuma kijiko kimoja cha tope.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanauliza injini ina nguvu kiasi gani, wakati shida ya mlima wenye utelezi ni mshiko wa magurudumu. Injini kubwa kwenye gurudumu linaloteleza huchimba shimo tu. Wenzetu wa nchi za theluji wana shida kama yako, na dawa yao ni ileile: hufunga minyororo kwenye matairi, huongeza uzito juu ya magurudumu yanayovuta, na hupenda mashine inayovuta kwa magurudumu yote manne.

Sasa tutazame vyombo vyenyewe. Bajaji ya mizigo ni rahisi kupatikana, lakini kazi yake ni kubeba. Haisukumi tope. Tena ikipanda mlima na shehena nyuma, gurudumu lake moja la mbele huwa jepesi na usukani hautii. Hiyo iache ibaki barabarani.

Cha pili ni trekta dogo la magurudumu mawili, ambalo wengi tunaliita pawatila. Tangu mwaka 2009, ilipozinduliwa kaulimbiu ya Kilimo Kwanza, mashine hizi zimeenea vijijini. Hutumia dizeli kidogo, huvuta tela, na fundi wa kuchomelea anaweza kuifungia bapa mbele. Kwa mwinuko wa wastani inafaa. Lakini ina tabia moja ambayo muuzaji huenda asikuambie. Kwenye tambarare ukibana klachi ya mkono wa kushoto, inakata kushoto. Ikiwa inateremka na mzigo unaisukuma, ukibana kushoto inaweza kukata kulia! Sababu ni kwamba gurudumu ulilolifungulia linakimbia, na lile lililobaki kwenye gia linazuiwa na injini. Dereva asiyelijua hilo hujipeleka korongoni mwenyewe.

Cha tatu ni trekta dogo la magurudumu manne, yote yakivuta, lenye bapa la kuparuzia. Kwa kilima kikali hiki ndicho kinachofaa kuliko vyote, na ndicho cha bei kubwa. Ukikinunua, hakikisha kina nguzo ya chuma ya kumkinga dereva kikipinduka, pamoja na mkanda, na mkanda ufungwe. Ukivuta kitu, funga mnyororo chini kwenye ndoano ya kuvutia, usifunge juu ya ekseli. Ukifunga juu na magurudumu ya nyuma yakagoma, trekta huinua pua na kumlalia dereva kwa kufumba na kufumbua.

Kwa chombo chochote, panda mtupu, safisha ukiteremka, ili uzito wa tope ukusaidie. Teremka na gia ndogo, kamwe usiteremke na gia huru. Usifanye kazi mvua ikinyesha. Na usiparuze mpaka udongo ung'ae kama sahani, maana utakuwa umetengeneza utelezi mpya. Ukishaondoa tope, mwaga kokoto. Lugoba si mbali, na machimbo yapo.

Mwisho, mzee wangu, hesabu siku. Masika na vuli kwa pamoja, huenda utahitaji chombo hicho siku 10 kwa mwaka. Siku 355 zilizobaki kitakaa chini ya mwembe kikila kutu, betri ikifa na panya wakitafuna nyaya. Kama huna shamba la kukipa kazi, kodi trekta la jirani pamoja na dereva wake, au changeni wenye nyumba wa kilimani mnunue moja. Fedha inayobaki chimba mtaro upande wa juu wa njia, na weka makinga maji ya kuvusha mkondo pembeni kila baada ya hatua chache. Tope halipandi mlima lenyewe. Linaletwa na maji, na ukiyaonyesha maji njia yao, yatakuachia yako.

Fanya hivyo kabla ya Machi. Mgonjwa hangoji barabara ikauke.